Ndoana ya Buluu Chini ya Sahani

Lausanne, 12 Septemba 1971

Mdogo wangu Riziki,

Salaam aleikum. Mimi mzima. Baridi imeanza kunitafuna masikio, lakini leo hata wangenilaza kwenye barafu nisingesikia. Kaa chini kwanza. Kama unakaanga ndagala, epua.

Nimeziona zikiua!

Usiite majirani, nasema seli. Unajua kazi yangu hapa maabara ni kulisha panya na kuosha chupa, na nikishamaliza hayo profesa ananiacha nijifunze. Wiki hii akanipa jaribio langu mwenyewe. Nimechukua panya aliyeugua virusi akapona, nikamtoa wengu, na ndani ya wengu kuna seli nyeupe za damu. Nikazimwaga juu ya seli nyingine zenye virusi vilevile. Zile zenye virusi nilikuwa nimezilisha madini yanayotoa mionzi, kwa hiyo seli ikipasuka, madini yanamwagika na mashine inalia. Mashine ililia, Riziki! Ililia kama cherehani yako wakati wa sikukuu. Upande wa pili nilikuwa na seli zisizo na virusi, nazo hazikuguswa hata moja. Mashine kimya.

Sikiliza, maana hapa ndipo utamu ulipo. Virusi haviwezi kuzaa vyenyewe. Vinaingia ndani ya seli, vinajifungia, vinatumia jiko la mwenye nyumba kupika watoto wao. Tulikuwa tunafundishwa kwamba mwili unajikinga kwa kingamwili zinazoelea kwenye damu. Sawa, lakini hizo zinakamata virusi vilivyo barabarani. Vilivyo ndani ya nyumba nani atavitoa? Kuna watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili, na wakipata surua wanapona! Wanaponywa na nini? Na hizi seli zangu. Hapa wameanza kuziita seli T, kwa sababu zinapitia kwanza tezi moja ya kifuani kabla ya kutumwa kazini. Ni askari wanaogusa ukuta wa nje tu, bila kuingia, wakaivunja nyumba yenye virusi kabla virusi havijamaliza kuzaana.

Sasa unajua kwa nini nimekuandikia wewe kabla ya mtu mwingine. Mwaka ule wa uhuru, ngoma zikilia Rumonge yote, wewe na ndugu yetu Idi mlilala chumba kimoja na surua moja. Wewe ulijaa vipele mpaka kwenye kope. Idi akatoka viwili vitatu tu, na wazee wakasema surua imerudi ndani. Wewe ukaamka, yeye akaenda. Walimu wangu wanaamini vipele vya surua ndiyo vita yenyewe, ni seli hizi zikifika kwenye ngozi. Wewe zako zilifika. Za Idi zilichelewa, au zilikuwa chache, bado sijui. Lakini Mama hana kosa, wala ile sahani haina kosa. Msomee.

Kaka yako,
Radjabu


Rumonge, 3 Oktoba 1971

Kaka Radjabu, daktari wa panya,

Amahoro. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakimbia, ya pili nikaelewa. Ndagala ziliungua. Nakudai ndagala, tena dagaa wa ziwa letu.

Nilimsomea Mama. Aliposikia habari ya wengu akasema, "Huyu mutoto alienda Ulaya kusoma panya? Panya si iko mingi hapa nyumbani?" Nikacheka, naye akacheka, nikajua leo njia ni nyeupe. Lakini nilipofika kwenye jina la Idi aliinuka akipapasa ukuta, akaingia ndani. Macho yake yanazidi kufifia, Kaka. Sasa ananijua kwa sauti na kwa kugusa.

Suala la sahani ni lilelile. Unakumbuka kabla ya hapo nyumba yetu ilivyokuwa? Sahani za jirani zikiingia na kutoka, na hakuna iliyorudi tupu, hata kama ni kurudishiwa chumvi tu. Baba marehemu alichora ndoana ya buluu chini ya kila sahani yetu ya bati, kwa rangi nzito aliyobakiza kwenye mitumbwi, ili isipotee mtaani. Lakini nyumba yenye surua haipokei wala haitoi. Na siku ile jirani yetu Anastasie, kwa kuwa kwao Bukavu hawana desturi hiyo, akaleta sombe, majani ya mihogo aliyoyatwanga mwenyewe, kwa nia njema, Mama akapokea, Idi akaonja, jioni vipele viwili vikatoka. Tangu hapo Mama hapokei sahani ya mtu. Haendi kwa Anastasie, ingawa ukuta wao na wetu unagusana. Karibu miaka kumi. Anakula mkono wangu tu. Mwaka mzima ni shida, lakini Ramadhani ndiyo inayoniumiza zaidi, mtaa mzima unapeana futari, sisi tumefunga mlango kama tuna maiti.

Nimekuuliza swali kichwani tangu juzi, sasa naliandika. Unasema virusi vimejificha ndani. Askari wako hawaingii ndani, unasema wanagusa ukuta tu. Wanajuaje nyumba ipi? Mimi nikipita mtaa wa Waswahili saa ya futari najua kila nyumba imepika nini bila kuingia, kwa sababu sahani imetoka nje. Labda seli nazo zinatoa sahani mlangoni. Askari anaonja. Akikuta chakula cha virusi, basi.

Nimekupa jibu bure.

Riziki


Lausanne, 24 Oktoba 1971

Riziki,

Sahani mlangoni! Nimemwambia profesa. Alicheka, akasema hakuna aliyewahi kuona seli ikitoa sahani. Nikamwambia hata mimi sijaona, ni mdogo wangu aliyesema. Akasema basi mdogo wako aandike makala.

Lakini nina kesi nyingine na imeninyima usingizi. Wiki iliyopita niliishiwa na seli za panya weupe. Nikasema potelea mbali, nikachukua za panya weusi, nikaziambukiza virusi vilevile, chupa ileile. Ukoo tofauti, ugonjwa mmoja. Nikamwaga askari kutoka kwa panya mweupe aliyepona.

Hakuna kitu. Kimya. Zile seli nyeusi zimejaa virusi mpaka kooni, na askari wanapita kando kama hawaoni!

Profesa alikasirika. Anasema nimechanganya chupa, au virusi vilikufa, na kwamba mtu makini hachanganyi koo za panya. Kweli nilikosea, hilo sikatai. Lakini nimerudia kwa siri na nimepata vilevile. Kwa hiyo nakupinga, mdogo wangu. Kama askari angekuwa anaonja chakula tu, angekamata nyeupe na nyeusi sawasawa, maana chakula ni kimoja. Haangalii chakula. Anageuza sahani anaangalia alama chini! Sahani isiyo ya ukoo wake hashughuliki nayo.

Nimeshinda. Kubali.

Radjabu


Rumonge, 25 Novemba 1971

Kaka,

Sikubali. Na nina ushahidi, tena si wa panya.

Barua yako ilifika Ramadhani iko katikati. Nikakaa nayo jikoni nikasema, huyu anadai ni alama, mimi nadai ni chakula, na Mama yuko hapohapo chumbani hapokei sahani ya mtu. Nikaruka ukuta kwa Anastasie nikamweleza. Alidhani nimepata malaria. Halafu akaanza kucheka, akakubali.

Magharibi ya kwanza nikampelekea Mama sombe ya Anastasie kwenye sahani ya Anastasie. Unajua Mama siku hizi akipewa sahani anaibeba kwenye kiganja, kidole kinapapasa chini kutafuta ndoana. Hakuikuta. "Toa," akasema. Hakunusa hata.

Siku ya pili nikapika mwenyewe ndizi na ndagala anazozipenda, nikapakua kwenye sahani ya Anastasie. Kidole chini. "Toa." Chakula ni cha kwake, lakini hakukionja!

Hapo nikaanza kuogopa kwamba umeshinda.

Siku iliyofuata ndizi zangu, sahani yetu. Akala, akanyamaza, akapangusa mdomo. Kama siku zote. Wala hakujua kuna jambo.

Sasa sikia. Magharibi iliyofuata nikaweka sombe ya Anastasie kwenye sahani yetu. Unajua Anastasie anavyotia magadi, na ndagala hazioshi vizuri. Mama kidole chini, akaikuta ndoana, uso ukatulia, akatia tonge mdomoni. Akasimama! Kaka, nakuapia, alisimama bila fimbo. "Nani amepika hii? Nani ametia hii bintu mu sahani yangu?" Akatoka na sahani mkononi, akapita uani, akafuata ukuta kwa mkono mpaka kwa Anastasie, akaingia mlango ambao hajauvuka tangu mwaka wa uhuru. "Anastasie, ni weye? Magadi mingi hivi unataka kuua watu?"

Anastasie alikuwa amesimama na mwiko. Akasema tu, "Karibu, Mama Radjabu." Machozi yanamtoka. Mama alipogundua yuko wapi aliweka sahani chini, akarudi. Hakunisemesha siku mbili. Lakini aliingia! Mtu aliyekaa ndani miaka hiyo yote!

Kwa hiyo bwana mkubwa: si chakula peke yake, si alama peke yake. Chakula cha kigeni kwenye sahani ya nyumbani. Hapo ndipo mtu anasimama.

Idi Mubarak iliyopita.

Riziki


Lausanne, 6 Februari 1972

Riziki, Riziki, Riziki,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu kwa mdomo mtupu. Nimefanya majaribio yako manne. Ndiyo, nayaita yako.

Askari wa panya mweupe juu ya seli nyeupe nzima: kimya. Juu ya seli nyeusi nzima: kimya. Juu ya seli nyeusi zenye virusi: kimya. Juu ya seli nyeupe zenye virusi: mashine inalia mpaka jirani wa maabara anakuja kuuliza kuna nini. Kisha nikageuza. Nikamwambukiza panya mweusi, nikachukua askari wake. Wao wanaua nyeusi zenye virusi na wanaziacha nyeupe. Unaona? Askari weusi si wavivu, na virusi havikufa. Kila mmoja anatambua kitu kigeni pale tu kinapokuwa juu ya sahani ya kwao!

Nilicheza ngoma kwenye korido. Mfagizi ni shahidi.

Profesa anasema tusitangaze, turudie mwaka mzima, huenda kuna maelezo mengine. Yuko sawa. Huenda kuna wengine mbali huko wanaona haya haya, na wana panya wengi kuliko mimi. Sijali. Nimeona.

Barua iliyobaki ni ya Mama. Msomee taratibu.

Mama, shikamoo. Mwanao hajawa daktari bado, lakini jambo hili nalijua kama ninavyojua jina la Baba. Surua inakaa mwilini zaidi ya wiki moja kabla kipele cha kwanza hakijatoka. Siku Anastasie alipoleta sombe, ugonjwa ulikuwa tayari umo ndani ya Idi na ndani ya Riziki, umeingia kwa pumzi, labda sokoni, labda kwenye sherehe zile. Ingekuwa sahani tupu, ingekuwa sahani ya sultani, Idi angeugua vilevile. Hukumuua mtoto wako kwa kupokea chakula cha jirani. Pokea sahani za watu, Mama. Pokea ya Anastasie kwanza.

Nakuja Agosti, wamenipa likizo. Nitakula sombe hiyo pamoja nawe.

Radjabu


Rumonge, 26 Machi 1972

Kaka,

Nimemsomea neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuinuka. Akaniambia nirudie pale pa "ingekuwa sahani ya sultani". Nikarudia. Akauliza, "Ameandika na mukono yake?" Nikasema ndiyo. Akaomba karatasi, akaishika kwenye kiganja, akapapasa chini kwa kidole.

Kisha akasema, "Aje mwenyewe. Aniambie hapa. Siku hiyo nitakula."

Nimempelekea Anastasie habari. Alikuwa anamsaidia mumewe Mushagalusa kuanika nyavu. Akasema, "Mpaka Agosti? Mimi nimengoja tangu Uhuru, Agosti ni kesho." Ameanza kutafuta mihogo mizuri yenye majani laini. Nikamwambia apunguze magadi, akanifukuza.

Njoo, Kaka. Usikose ndege, usikose meli, usikose chochote. Nina furaha mpaka nashona mikono ya nguo upande mmoja.

Riziki


Lausanne, 17 Mei 1972

Riziki,

Redio imetaja mauaji Rumonge. Imetaja Nyanza-Lac. Sikuwahi kusikia redio ya hapa ikitaja Rumonge.

Niandikie neno moja. Andika "tupo". Mama yuko wapi?

Radjabu


Lausanne, 9 Julai 1972

Riziki,

Barua ya Mei imerudi. Wamepiga mhuri juu ya jina lako. Naandika hii nikijua haina pa kwenda, nitaiweka na nyingine.

Nimefuta safari, Bujumbura hawamwachi hai mtu aliyesoma kama mimi sasa na wenzangu wamenisihi nisijaribu. Kazini naenda. Leo profesa amenisimamisha mbele ya wageni nieleze habari ya seli zinazoua, na nilipofika kwenye neno hilo nimelikwepa. Nikasema seli zinazotambua. Wageni hawakuona tofauti. Mashine inalia kama zamani, nami natamani inyamaze.

Nakupapasa tu, mdogo wangu, kama Mama anavyopapasa sahani.

Radjabu


Ujiji, 14 Septemba 1972

Kaka,

Tupo. Niliambiwa umeomba neno moja, sijui nani aliniambia, labda niliota. Tupo, mimi na Anastasie na Mushagalusa. Anwani yako nilikuwa nayo kichwani, asante Mungu.

Mama sijui.

Nitasema kwa kifupi, kwa sababu mkono haupendi. Walikuja wa kwanza, waasi wenye mapanga, kisha wakaja wa pili, askari wenye bunduki. Wote walipita mlango kwa mlango, na wote walidai wanatambua mtu wa kuua kwa kumtazama. Nilifikiri seli zako, Kaka. Zako zinataka mambo mawili kabla ya kugusa nyumba. Hawa hawakutaka hata moja.

Tulikimbilia ziwani. Nilikuwa na Mama mkono huu, na mkono mwingine sahani yenye ndizi, kwa sababu tulikuwa tunataka kula na sikupata akili ya kuiweka. Watu wakasukumana. Wanaume wakamwinua Mama wakamtia kwenye mtumbwi wa mbele, wakisema mzee apite kwanza. Nikawashukuru! Mimi nikaingia wa Mushagalusa. Tulipita Kigwena, tukapita Nyanza-Lac moshi ukifuka, tukalala kwenye matete ya ufuoni Kabonga, na wa mbele tukaupoteza.

Hapa Ujiji wapo watu wengi wa Rumonge. Mwanamke mmoja anauza samaki alisema alimwona bibi asiyeona vizuri, amechukuliwa na watu wema mtaani. Nyumba ipi, hajui. Nimegonga milango. Wenyeji wananiambia hapa hakuna mgeni. Wanaogopa kwamba serikali itawachukua wageni wao kuwapeleka kwenye kambi za mbali, kwa hiyo wanawaficha kwa huruma. Na Mama unamjua. Ukimwuliza jina akiwa na hofu, hasemi kitu.

Yuko hai, Kaka. Nalisema kwa sababu nalijua. Yuko nyuma ya mlango mmoja kati ya milango hii.

Sahani ninayo. Ndoana haijachubuka.

Riziki


Lausanne, 3 Oktoba 1972

Riziki wangu,

UPO! Nimelia mbele ya panya wote. Nimemkumbatia profesa, naye hakujua aweke wapi mikono.

Ramadhani inaanza wiki ijayo, na wewe una sahani. Usigonge tena milango, tuma futari! Hakuna nyumba ya Ujiji itakayokataa futari. Pika ndizi na ndagala za Mama kama unavyozipika wewe, weka kwenye sahani yetu, itembee mtaani nyumba kwa nyumba. Akishika ndoana na kuonja mkono wako atajua.

Natuma barua hii mbio. Tuma sahani!

Radjabu


Ujiji, 30 Oktoba 1972

Kaka yangu, profesa wa uongo,

Kaa chini. Kama umeshika chupa, weka.

Barua yako ilinikuta nimeshaanza, kwa maana wazo la futari lilikuja kwa wote wawili. Nilipika ndizi na ndagala zilezile ulizotaja. Nikampa mtoto wa mwenye nyumba, ikaenda nyumba ya kwanza, ikarudi na tende. Kesho yake nyingine, ikarudi na chumvi. Kila ikitoka moyo unanitoka nao, maana ni moja tu, isiporudi tumekwisha. Ikaenda kwenye nyumba ya mlango wa kijani, kwa bibi mwenye duka la mafuta ya taa. Ikarudi imepanguswa safi, na andazi juu yake. Mtoto akasema, "Wameshukuru." Basi. Hakuna aliyetoka.

Nililala nimekata tamaa. Alfajiri nikaamka nacheka, Anastasie akadhani nimerukwa na akili.

Umesahau somo lako mwenyewe, Kaka! Chakula cha nyumbani, sahani ya nyumbani, Mama anafanya nini? Anakula, ananyamaza, anapangusa mdomo! Kwake hiyo ni siku kama siku nyingine. Mtu aliyetoka kwenye hofu ile, gizani, kidole kinaona ndoana, ulimi unaona ndizi zangu, anadhani yuko nyumbani Rumonge. Kwa nini asimame? Tulikuwa tunampoza, na sisi tunataka anyanyuke!

Nikamwambia Anastasie, "Dada, leo unapika wewe. Sombe. Na magadi yote uliyo nayo." Akanitazama. Akasema, "Na ndagala nisizioshe?" Nikasema usizioshe kabisa.

Jua lilipozama tukaipeleka kwenye nyumba niliyoishuku kwanza, wakairudisha na mihogo, wakasema ahsante lakini mpunguze magadi. Siku iliyofuata tukapika tena, mtoto akaelekea mlango wa kijani. Mimi na Anastasie tukakaa barazani kwetu. Adhana imeshatoka, watu wanafuturu, mtaa umetulia. Nilikuwa nahesabu vibao vya mlango wao.

Tukasikia sauti kabla ya kuona mtu. Kaka, sauti ile! Ilikuwa inatoka ndani ya nyumba ya watu, inapiga makelele kama ya mwenye nyumba:

"Nani amepika hii? Nani ametia hii bintu mu sahani yangu?"

Mlango wa kijani ukafunguka. Bibi mwenye duka anamvuta kanga anamwambia arudi, wataonekana, na yeye hasikii. Amekonda. Hana fimbo. Sahani ameishika juu ya kiganja, mkono mwingine unapapasa ukuta wa barabara, anakuja anafoka, na watu wote wametoka na matonge midomoni wanashangaa.

"Anastasie! Anastasie, ni weye? Bado unaniua na magadi?"

Anastasie alitaka kusema "Karibu, Mama Radjabu", ikatoka "Ka" tu. Mimi ndiye niliyekimbia. Nilimshika mikono yote miwili na sahani katikati, sombe ikatumwagikia, akanigusa uso, kope, masikio, kovu langu la kidevuni. "Riziki," akasema. "Kumbe ni weye. Sasa kwa nini unaacha huyu anapika?"

Nilicheka mpaka nikaanguka chini. Mtaa mzima ulicheka, hata wasiojua wanacheka nini.

Tukamkalisha barazani. Akauliza habari zako, nikamsomea barua yako hii ya Oktoba, na ile ya Februari nikamsomea kutoka kichwani, maana yenyewe ilibaki Rumonge. Nilipofika kwenye sahani ya sultani alininyamazisha kwa mkono. Akasema, "Nilisema aje mwenyewe. Sasa hawezi kuja, na mimi ndiyo nimekuja." Akavuta sahani iliyobaki na sombe kidogo. Anastasie akasema kwa haraka, "Ngoja, Mama, nitapika ingine, nzuri." Mama akasema hapana.

Akala tonge la kwanza. Akala la pili. Alikuwa analia, Kaka, na alikuwa anakunja uso kwa magadi, vyote kwa pamoja. Alikula mpaka kidole kikagonga bati. Kisha akaigeuza sahani, akapapasa ndoana, akampa Anastasie mkononi.

"Kesho tena," akamwambia. "Lakini hizo ndagala, osha."

Riziki